Uyoga Hauoti Usiku Mmoja: Virutubisho vya Asili na Mavuno ya Uyoga Chaza

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili anapotaka kueleza jambo lililozuka ghafla na kwa wingi, husema limechipuka kama uyoga. Tashbihi hii imezoeleka magazetini na katika hotuba: vyama vya kisiasa huchipuka kama uyoga, shule za kibinafsi huchipuka kama uyoga, na vibanda vya biashara kando ya barabara huchipuka vivyo hivyo. Tashbihi yenyewe hubeba maana mbili. Kwanza, kwamba kitu kimetokea upesi. Pili, kwamba hakikumtoa mtu jasho. Maana ya kwanza ina ukweli kiasi; ya pili inapotosha. Uyoga unaoonekana asubuhi juu ya gogo ni tunda la kazi iliyofanyika gizani kwa majuma mengi. Kuvu ilikuwa ikila. Ilipokwisha kushiba, na hali ya hewa ikaruhusu, ndipo ikazaa.

Makala haya yanalenga kueleza jinsi mkulima anavyoweza kuongeza mavuno ya uyoga chaza kwa kuchanganya virutubisho vya asili katika malighafi anayotumia kuoteshea. Aidha, yanalenga kuonyesha ni kwa nini virutubisho hivyo hivyo humnufaisha mkulima mmoja na kumtia hasara mwenzake. Hoja kuu ni kwamba kirutubisho cha uyoga ni chakula kinachopimwa wala si mbolea ya kumwagwa. Tofauti hii huenda ikaonekana kuwa ya maneno matupu. Hata hivyo, kama itakavyobainika, mifuko mingi ya uyoga inaweza kuozea katika pengo lililo kati ya maneno haya mawili.

Uyoga Chaza na Tabia Yake

Uyoga unaozungumziwa hapa ni wa jenasi ya Pleurotus. Nchini Tanzania, wakulima na maafisa wa ugani huuita uyoga mamama. Nchini Kenya wengi hutumia jina la Kiingereza. Katika makala haya utaitwa uyoga chaza, kwa kuwa jina la kitaalamu la spishi inayojulikana zaidi, Pleurotus ostreatus, lina asili ya neno la Kilatini lenye maana ya chaza wa baharini. Kofia yake ni pana na imepinda mithili ya kombe la chaza, na shina lake mara nyingi huungana na kofia upande mmoja badala ya katikati. Nikolaus Joseph von Jacquin aliupa jina Agaricus ostreatus mwaka wa 1775, na mwaka wa 1871 Paul Kummer akauhamishia katika jenasi ya Pleurotus.

Jamii nyingi za Kenya zimeula uyoga wa porini tangu jadi. Wakikuyu huuita makunu, Waluo huuita obuolo, na miongoni mwa Waluhya huitwa obwoba. Baadhi ya uyoga unaopendwa zaidi huota kwenye vichuguu msimu wa mvua, na huo una mkulima wake tayari: mchwa. Wadudu hawa hukusanya mabaki ya mimea, huyapitisha tumboni, kisha huyajenga kuwa masega ambamo kuvu hulishwa na kutunzwa. Binadamu alichelewa mno kujifunza kazi hiyo. Ukulima wa uyoga chaza ulianza kushika kasi Ujerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, chakula kilipokuwa adimu. Mwaka wa 1917 Richard Falck alichapisha maelezo ya namna ya kuukuza juu ya visiki vya miti.

Ni muhimu kusisitiza kwamba kuvu si mmea. Mmea hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa. Kinachotoka udongoni ni maji na madini tu. Kuvu haina uwezo huo. Sharti ipate chakula kilichokwisha kutengenezwa na kiumbe kingine. Kuvu ya uyoga chaza hutandaza nyuzi nyembamba nyeupe ndani ya mabua, maranda au magunzi, na nyuzi hizo zikisukana huwa utando. Utando hutoa vimeng'enya vinavyovunjavunja selulosi pamoja na lignini, ile dutu ngumu inayoupa mti uimara wake. Baada ya kumeng'enya chakula nje ya mwili wake, kuvu hukifyonza. Uyoga wenyewe, yaani kofia na shina, ni sehemu ya uzazi tu. Uzito wake wote hutokana na kile ambacho utando ulikwisha kukila na kukiweka akiba.

Njaa ya Naitrojeni

Je, kuvu hupungukiwa na nini ndani ya mfuko uliojaa mabua? Haipungukiwi na kaboni, kwani takriban nusu ya uzito wa mabua makavu ni kaboni. Inachopungukiwa ni naitrojeni, elementi inayohitajika katika kuunda protini. Mabua ya ngano yaliyokauka huwa na naitrojeni kiasi cha nusu asilimia hivi, yaani takriban sehemu 80 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Katika maranda ya mbao hali ni mbaya zaidi: sehemu za kaboni huweza kufika mamia kadhaa kwa sehemu moja ya naitrojeni. Ikilinganishwa na hizo, pumba ya ngano huwa na sehemu zisizozidi 20 za kaboni kwa moja ya naitrojeni.

Ushahidi kwamba njaa hii ni ya kweli umo katika tabia ya kuvu yenyewe. Mwaka wa 1984, watafiti Greg Thorn na George Barron wa Kanada walichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba uyoga chaza, pamoja na baadhi ya jamaa zake, huwinda. Nyuzi zake huwapoozesha nematodi, ambao ni minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, kisha huwapenya na kuwameng'enya. Mwaka wa 2023, watafiti wa Taiwan walieleza kwamba sumu inayohusika huhifadhiwa katika vifuko vidogo mithili ya vibofu vilivyo juu ya nyuzi, na kwamba vifuko hivyo hupasuka nematodi anapovigusa. Maelezo yanayotolewa kuhusu tabia hii ni kwamba mti uliokufa una naitrojeni haba mno, hivyo basi kuvu hujitafutia nyama. Kiumbe kinachokula mbao kimelazimika kuwa mwindaji. Mkulima anayetia pumba katika mabua hafanyi jambo geni kwa kuvu; anaiondolea tu haja ya kuwinda.

Virutubisho Vinavyopatikana Nchini

Kwa jumla, kirutubisho cha asili ni zao au mabaki ya zao yenye protini nyingi kuliko malighafi ya msingi. Nchini Kenya malighafi ya msingi hutegemea eneo: mabua ya ngano huko Narok, mashina makavu ya mpunga huko Mwea na Ahero, makapi ya miwa katika maeneo ya viwanda vya sukari ya magharibi, magunzi na mabua ya mahindi karibu kila mahali. Virutubisho navyo vinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni pumba za nafaka. Pumba ya ngano huwa na protini ya takriban asilimia 15, na pumba ya mchele huikaribia. Sifa ya pumba ni upole wake: naitrojeni yake si nyingi kupita kiasi, hivyo kosa dogo la vipimo halileti maafa mara moja. Pumba ya mchele, hata hivyo, ina mafuta mengi na huharibika upesi ikiwekwa ghalani.

Kundi la pili ni mashudu, yaani mabaki ya mbegu za pamba, alizeti au soya baada ya kukamuliwa mafuta. Haya yana protini nyingi zaidi. Mashudu ya pamba yaliyotokana na mbegu zilizomenywa huweza kuwa na protini ya zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Ya mbegu zisizomenywa huwa na protini kidogo zaidi. Unga wa soya uliokamuliwa mafuta huzidi hata hayo. Virutubisho hivi ni vikali na huhitaji mkono mwangalifu.

Kundi la tatu ni mabaki ya nyumbani na ya viwanda vidogo: machicha ya pombe za nafaka, machicha ya kahawa iliyokwisha kuchujwa, na majani makavu ya mimea ya jamii ya kunde kama vile lusini. Faida yake ni kwamba huweza kupatikana kwa bei ya chini au bure. Udhaifu wake ni kwamba hubeba maji mengi, huchacha haraka, na viwango vyake vya protini hubadilika kutoka shehena moja hadi nyingine.

Chokaa na jasi hutajwa mara nyingi pamoja na virutubisho, ila si chakula. Chokaa hupunguza asidi; jasi husaidia malighafi isishikamane. Samadi ya kuku nayo ina naitrojeni tele, lakini hutoa amonia kwa wingi, na amonia ni sumu kwa utando wa uyoga chaza. Aidha, pumba au mashudu yaliyoota ukungu yasitumike kamwe, kwa kuwa humpelekea adui njia na chakula kwa pamoja. Wakenya hawahitaji kukumbushwa kwamba kuvu si zote rafiki: mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu, yaliwaua watu 125 katika eneo la mashariki mwa nchi.

Hesabu ya Kirutubisho

Kipimo ndicho kiini cha ufundi huu. Hesabu yake haihitaji zaidi ya kalamu na karatasi, mradi mkulima afahamu kwamba asilimia 16 hivi ya protini ni naitrojeni. Kwa hiyo, akigawanya kiwango cha protini kwa 6.25, hupata kiwango cha naitrojeni.

Tuchukue mfano wa kilo 100 za mabua makavu yenye naitrojeni ya asilimia 0.6. Humo mna gramu 600 za naitrojeni. Mkulima akiongeza kilo 10 za pumba ya ngano yenye protini ya asilimia 15, yaani naitrojeni ya asilimia 2.4, atakuwa ameongeza gramu 240. Jumla ni gramu 840 ndani ya kilo 110, sawa na asilimia 0.76. Akitumia badala yake mashudu ya pamba yenye protini ya asilimia 37.5, yaani naitrojeni ya asilimia 6, kilo 4 pekee zitatosha kuleta gramu 240 zile zile. Anayebadilisha pumba kwa mashudu pasipo kubadilisha kipimo huzidisha naitrojeni mara mbili unusu bila kujua. Hapa ndipo wengi wanapoweza kujikwaa, kwa kuwa debe la pumba na debe la mashudu hufanana machoni.

Kuhusu viwango, kwa malighafi iliyochemshwa tu bila kutakaswa kikamilifu, ni busara pumba isizidi asilimia 10 ya uzito mkavu, na mashudu yawe nusu ya hapo au pungufu. Maranda yaliyotakaswa kwa mvuke wa shinikizo huweza kustahimili pumba hadi asilimia 20. Viwango hivi ni mahali pa kuanzia, kwani kila malighafi ina tabia yake.

Mavuno nayo hupimwa kwa kile kinachoitwa ufanisi wa kibiolojia: uzito wa uyoga mbichi uliovunwa, kugawanywa kwa uzito wa malighafi kavu, mara 100. Mfuko wenye kilo moja ya mabua makavu ukitoa gramu 600 za uyoga, ufanisi wake ni asilimia 60. Ni lazima kirutubisho nacho kihesabiwe katika uzito wa malighafi. Vinginevyo mkulima atajidanganya. Tuseme mfuko huo uongezewe gramu 100 za pumba, nao ukatoa gramu 750. Ufanisi haukupanda hadi asilimia 75. Umefika takriban 68, kwa sababu malighafi sasa ni gramu 1,100.

Faida ipo, lakini ni nyembamba. Mifuko 10 isiyo na kirutubisho, kila mmoja ukitoa gramu 600, hutoa kilo 6. Mifuko 10 yenye kirutubisho, kila mmoja ukitoa gramu 750, hutoa kilo 7.5. Mifuko miwili ikioza kati ya hiyo 10, minane iliyobaki hutoa kilo 6, na faida yote imepotea. Bei ya pumba ndiyo hasara halisi. Ikioza mitatu, mkulima angekuwa afadhali asingenunua chochote. Pumba hiyo, ikumbukwe, ndiyo inayomlisha pia ng'ombe na kuku wake.

Adui Anayealikwa Mezani

Ni kwa nini basi mifuko yenye kirutubisho ioze zaidi? Jibu limo katika tabia ya lignini. Ni viumbe wachache wanaoweza kuimeng'enya. Mabua matupu ni chakula kigumu, na ugumu huo ndio ngome ya uyoga chaza: washindani wake hufa njaa mahali ambapo wenyewe unajimudu. Pumba huibomoa ngome hiyo. Wanga na protini zake ni chakula chepesi kinachoweza kuliwa na kila ajaye, tena walaji wepesi hukimbia kuliko uyoga.

Mshindani anayeogopwa zaidi ni kuvu ya kijani ya jenasi ya Trichoderma. Huanza kama utando mweupe usiotofautika kwa urahisi na ule wa uyoga, kisha hugeuka kijani inapozaa chembe zake. Mwanzoni mwa karne hii, mashamba ya uyoga chaza nchini Korea Kusini na barani Ulaya yalishambuliwa vibaya hivi kwamba spishi mbili zilizotambuliwa zilipewa majina yanayotokana na jina la mhanga wao: Trichoderma pleuroti na Trichoderma pleuroticola.

Hatari ya pili ni joto. Utando unaokula kwa wingi hupumua kwa wingi, na kupumua huzalisha joto. Katikati ya mfuko mnene huwa na joto zaidi kuliko chumba, na kirutubisho huongeza tofauti hiyo. Joto la ndani likipita nyuzi 35 za Selsiasi, utando wa spishi nyingi hudhoofika, huku washindani wakinawiri. Hii ndiyo sababu mifuko yenye kirutubisho huhitaji kuwa membamba na kupangwa kwa nafasi, hasa katika maeneo yenye joto kama vile Kisumu na Mombasa, ambako spishi zinazostahimili joto, mathalani Pleurotus pulmonarius, hufaa kuliko Pleurotus ostreatus.

Hatari ya tatu ni amonia, ambayo hutokea naitrojeni inapozidi mahitaji na bakteria kuanza kuivunja. Pua ya mkulima ndicho kipimo cha kwanza: mfuko wenye harufu kali ya mkojo hauna afya.

Wataalamu wa uyoga wameutafutia ufumbuzi mkinzano huu kwa miongo mingi. Katika uyoga mweupe wa madukani, Lee Schisler na James Sinden walichapisha mwaka wa 1962 kazi iliyoonyesha kwamba kuongeza virutubisho vyenye protini katika malighafi huinua mavuno. Baadaye, mwaka wa 1976, Carroll na Schisler walieleza njia ya kukifunika kirutubisho kwa protini iliyobadilishwa umbile kwa kemikali ya fomaldehaidi ili kisiliwe haraka na washindani, bali kipatikane polepole wakati kuvu ya uyoga imekwisha kutawala. Mkulima mdogo hahitaji kemikali hiyo, tena ni ya hatari. Anachohitaji ni funzo lililomo: kirutubisho chema ni kile kinachofika wakati mwenye nyumba amekwisha kuingia.

Utaratibu wa Kazi

Hatua ya kwanza ni kukatakata mabua vipande vifupi na kuyaloweka hadi yashibe maji. Unyevu ufaao ni kati ya asilimia 60 na 70. Mkulima akikamua konzi ya malighafi, matone machache tu yatoke katikati ya vidole. Kirutubisho kikavu huchanganywa katika hatua hii, kabla ya kutakasa, na kichanganywe sawasawa, kwa sababu bonge moja la pumba hutosha kuwa kitalu cha Trichoderma.

Hatua ya pili ni kutakasa. Mabua matupu hutosheka kwa maji ya nyuzi 60 hadi 80 kwa saa moja au mbili. Malighafi yenye kirutubisho huhitaji zaidi. Mashine ya mvuke wa shinikizo hufikia nyuzi 121. Wengi, hata hivyo, hutumia pipa la mvuke juu ya kuni. Ieleweke kwamba Nairobi, iliyo mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94, na Limuru hata chini ya hapo. Kwa hiyo mkulima wa nyanda za juu hana budi kuongeza muda wa mvuke kuliko mwenzake wa pwani.

Hatua ya tatu, baada ya malighafi kupoa kabisa, ni kupanda kwa mikono na vifaa safi. Mbegu ya uyoga ni nafaka iliyopikwa na kutandwa na kuvu, nayo yenyewe ni kirutubisho. Mkulima akitumia mbegu nyingi zaidi, mathalani asilimia 5 ya uzito wa malighafi yenye maji badala ya 2, huipa kuvu chakula na pia huifupishia muda wa kutawala mfuko. Palipo na hofu ya ukungu, kuongeza mbegu huweza kuwa salama kuliko kuongeza pumba, ijapokuwa mbegu ni ghali.

Hatua ya nne ni kuiweka mifuko mahali penye giza hadi iwe meupe yote, kisha kuihamishia penye mwanga hafifu, unyevu mwingi na hewa safi. Kirutubisho hakifuti mahitaji haya. Hewa ikikosekana, uyoga hurefuka shina na kofia hudumaa, hata kama mfuko umejaa chakula. Mavuno hutoka kwa awamu, na awamu ya kwanza kwa kawaida ndiyo nzito kuliko zote.

Hatua ya tano, ambayo aghalabu hurukwa, ni jaribio. Mkulima asiitie kirutubisho mifuko yote. Aweke 10 isiyo na kitu, 10 yenye pumba ya asilimia 5, na 10 yenye asilimia 10, yote ya siku moja na chumba kimoja. Apime kila kilichovunwa na ahesabu mifuko iliyooza. Baada ya awamu tatu atakuwa na jibu la shamba lake mwenyewe, ambalo hakuna kitabu kinachoweza kumpa.

Neno na Tendo

Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akauliza mada hii inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu makosa yaliyotajwa hapo juu yana mizizi pia katika msamiati. Mkulima anayeambiwa kwamba pumba ni mbolea ya uyoga ataitendea kama mbolea. Kwa uzoefu wake wa mahindi, mbolea huwekwa shambani, ikizidi kidogo haina neno, na ya kuku ni bora. Kila kipengele cha uzoefu huo ni sumu ndani ya mfuko wa uyoga. Neno kirutubisho, au hata chakula, lingemwelekeza kwenye maswali yafaayo: nani anakula, kiasi gani, na nani mwingine yuko mezani?

Hali kadhalika neno mbegu. Mbegu ya maharagwe hukaushwa na kuwekwa kibuyuni hadi msimu ujao. Mbegu ya uyoga ni kuvu hai. Ikikaushwa au kuachwa juani hufa, na hufaa kuhifadhiwa kwenye baridi kwa muda mfupi. Neno hili limekwisha kuzoeleka na si lazima liondolewe, ila lazima liambatane na maelezo. Neno ukungu nalo hutumiwa kwa utando mweupe wa uyoga na kwa Trichoderma pia, jambo linaloweza kumfanya mkulima kutupa mfuko mzima wenye afya au kuutunza ulioambukizwa. Kutenga utando kwa ajili ya rafiki na ukungu kwa ajili ya adui ni hatua ndogo yenye manufaa makubwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hadhi hiyo itabaki ya karatasini iwapo maarifa ya kumwongezea mwananchi kitoweo na kipato hayaelezwi kwa lugha hiyo kwa usahihi. Uwanja huu ni mpana kwa mwanafunzi wa isimu na tafsiri: istilahi za kilimo zilizopo zikusanywe, zilinganishwe na za Tanzania, na zijaribiwe masikioni mwa wakulima wenyewe.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mabua na maranda yana kaboni tele na naitrojeni haba, na kwamba virutubisho vya asili kama vile pumba na mashudu hulipunguza pengo hilo na kuinua mavuno ya uyoga chaza. Vilevile yameonyesha kwamba chakula hicho humwalika adui, huzalisha joto, na kikizidi hugeuka sumu. Kwa hiyo mkulima anayepima naitrojeni, anayetakasa vyema na anayeweka kumbukumbu ndiye atakayefaidi. Mifuko iliyokwisha kuvunwa haitupwi. Malighafi iliyolainishwa na kuvu hurudishwa shambani kulisha udongo wa sukuma na mahindi. Hapo, na hapo tu, ndipo inapostahili kuitwa mbolea.